Kidonge kizima na kidonge kilichotwangwa si dawa moja: jibu kwa msomaji anayemuuguza baba yake

Swali la msomaji wa Tanga:

"Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 71. Alipata kiharusi, na tangu hapo anameza kwa shida. Kila asubuhi mimi na mdogo wangu, ambaye ana mimba ya miezi 4, tunatwanga dawa zake zote kwenye kinu kidogo cha viungo, tunazikoroga kwenye bakuli la uji wa maziwa na kumlisha. Dawa zenyewe ni nifedipine 20 mg iliyoandikwa 'retard', aspirin 75 mg, omeprazole ya kapsuli, metformin 500 mg iliyoandikwa SR, atorvastatin ya kolesteroli, na finasteride ya tezi dume. Ile ya presha na ya sukari hurudiwa jioni. Mara mbili sasa, kama saa moja baada ya uji, ametokwa jasho na kusema anaona giza. Mashine ikasoma 88/50. Jioni ya siku hiyohiyo, kabla ya dawa, ilisoma 178/100. Siku hizi pia anaharisha. Muuguzi aliyepita nyumbani alisema baadhi ya dawa hazitwangwi, lakini hakutaja zipi wala sababu. Je, dawa si ni ileile, iwe nzima au unga? Jirani ananishauri niombe zote ziwe sindano kwa kuwa sindano ina nguvu zaidi, au kidonge cha presha niwe ninamwekea chini ya ulimi."

Marahaba, mwanangu. Nianze kwa kusema kwamba mimi ni mfamasia, si daktari. Hata hivyo swali lako limeangukia kwenye kazi yangu hasa. Kabla ya maelezo, kuna mambo mawili ya kufanya leo. La kwanza, usitwange tena nifedipine hiyo, wala usimwekee mzee chini ya ulimi; piga simu au nenda kliniki anakotibiwa, uwaoneshe vipimo hivyo viwili vya presha na kuwaeleza kwamba kidonge kilikuwa kikitwangwa, ili wampe dawa nyingine inayomfaa mtu asiyeweza kumeza. Usiamue mwenyewe kumwachisha dawa ya presha na kukaa kimya, kwa sababu mtu aliyekwisha kupata kiharusi anaweza kupata kingine. Akiona giza tena na presha ikashuka namna hiyo, mlaze, umwinue miguu, na apelekwe hospitali. La pili, mdogo wako asiguse tena kinu hicho. Sababu ya hili la pili nitaieleza mbele.

Sasa nijibu swali lenyewe. Umeuliza kama dawa si ileile, na kwa mantiki ya jikoni uko sahihi: muhogo ni muhogo, uwe mzima au unga. Lakini kidonge hakifanani na muhogo. Kile kinachotibu ndani yake, ambacho sisi hukiita kiambato hai, mara nyingi ni kidogo mno. Miligramu 75 za aspirin zikiwekwa peke yake kwenye kiganja ni vumbi ambalo usingeweza hata kulishika vizuri kwa vidole. Sehemu kubwa ya kidonge ni vitu vingine: wanga, sukari ya maziwa, nyuzi za mimea, gundi, rangi, na ngozi ya nje. Watu wengi hudhani vitu hivyo ni vya kujazia tu. Baadhi ni vya kujazia kweli, lakini vingine ndivyo vinavyoamua dawa itoke lini, itokee sehemu gani ya tumbo, na kwa kasi gani.

Kuna kisa kimoja ambacho wanafunzi wa famasia hufundishwa mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko Australia, wagonjwa wa kifafa waliokuwa wakitumia phenytoin kwa dozi ileile waliyoizoea walianza kuyumba, kuona vitu viwiliviwili na kutapika, yaani dalili za dawa kuzidi mwilini. Kiwango cha phenytoin ndani ya kapsuli hakikuwa kimebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kijazio: kalsiamu salfeti ilikuwa imeondolewa na kuwekwa sukari ya maziwa, na kwa badiliko hilo dawa ikawa inaingia kwenye damu kwa wingi kuliko awali. Ikiwa kubadili kijazio peke yake kunaweza kumlewesha mtu dawa, kuvunjavunja umbo zima la kidonge si jambo la kupuuzwa.

Turudi kwa nifedipine ya baba, maana hiyo ndiyo iliyomtoa jasho. Nifedipine hulegeza kuta za mishipa ya damu, na presha ikashuka. Tatizo lake ni kwamba hufanya kazi haraka na kuisha haraka: nusu ya kiasi kilichomo kwenye damu huondolewa kwa takriban saa 2. Ikitolewa bila kizuizi chochote, presha hudidimia ghafla, mwili hushtuka, moyo huanza kwenda mbio, kisha baada ya saa chache presha hupanda tena kana kwamba hakuna dawa iliyotumika. Kwa hiyo watengenezaji walibuni namna ya kuichelewesha. Wengine huiacha katika chembe kubwa zinazoyeyuka polepole. Wengine huichanganya na gundi inayovimba ikilowa na kuwa kama ute wa bamia, dawa ikawa inapenya humo kidogo kidogo kwa saa nyingi. Neno "retard" kwenye boksi lako lina maana hiyo ya kucheleweshwa. Mtwangio unapopita, chembe kubwa huwa ndogo, gundi hukatikakatika, na dozi iliyokusudiwa kutoka kwa saa 12 humwagika yote ndani ya saa moja. Vipimo vyako viwili vinaonesha jambo hilo waziwazi kuliko mchoro wowote ambao ningeweza kukuchorea: 88/50 saa moja baada ya uji ni dawa iliyomwagika yote, na 178/100 jioni ni dawa iliyokwisha mapema. Zaidi ya hayo, nifedipine huharibiwa upesi na mwanga, na ngozi yenye rangi inayofunika kidonge ipo kwa ajili ya kuikinga. Unga uliokaa kwenye bakuli karibu na dirisha wakati uji ukipoa umekwisha poteza sehemu ya nguvu yake, kwa kiasi ambacho hakuna anayeweza kukukadiria.

Ushauri wa jirani kuhusu ulimi una historia yake, na pengine aliuona ukifanyika hospitalini siku za nyuma. Katika miaka ya 1980 ilikuwa desturi katika nchi nyingi kutoboa kapsuli ya nifedipine isiyocheleweshwa na kuidondoshea mdomoni mwa mgonjwa ambaye presha yake imepanda sana. Presha ilishuka kweli, na kila mtu wodini aliridhika na tarakimu. Baadaye ikaonekana kwamba baadhi ya wagonjwa walipata kiharusi au shambulio la moyo kwa sababu damu ilishindwa kufika kwenye ubongo na moyo baada ya presha kuanguka ghafla. Desturi hiyo ikaachwa. Kidonge cha baba kikitwangwa hurudisha hatari ileile iliyoachwa, tena kwa mtu ambaye ubongo wake umekwisha kuumia.

Hata hivyo ulimi wenyewe ni njia halali ya dawa, na ukielewa kwa nini, utaelewa pia habari ya sindano. Karibu kila kitu kinachofyonzwa kutoka tumboni na kwenye utumbo mwembamba hupelekwa kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Ini ni kama geti la bandari: kila mzigo hukaguliwa, na mizigo mingine huharibiwa hapohapo. Damu ya chini ya ulimi haipiti geti hilo. Huelekea moyoni moja kwa moja. Kwa hiyo vidonge vya nitrogliserini vya mtu mwenye maumivu ya moyo, vyenye nusu miligramu tu, huwekwa chini ya ulimi na kutuliza maumivu ndani ya dakika chache, ilhali vikimezwa karibu vyote huishia kwenye ini. (Ndiyo, ni nitrogliserini ileile ya baruti; Alfred Nobel, aliyetajirika kwa kuitengenezea baruti, aliandikiwa na madaktari wake aitumie kwa moyo alipozeeka.) Lakini dawa inayofaa njia hiyo lazima iwe na dozi ndogo sana na iweze kupenya ngozi laini ya mdomo. Kidonge cha kawaida kikiwekwa hapo huyeyuka na mate, mgonjwa akayameza, na safari inakuwa ileile ya tumboni.

Sasa sindano. Imani kwamba sindano ina nguvu kuliko kidonge nimekutana nayo kwenye dirisha la dawa karibu kila wiki ya kazi yangu, hata kwa watu waliosoma, na sidhani kama nitastaafu nikiwa nimeishinda. Ukweli ni kwamba sindano ya mshipa hulikwepa geti nililolitaja, basi. Dawa ambayo ini huiharibu kwa wingi huhitaji dozi kubwa ikimezwa na ndogo ikidungwa: propranolol, dawa ya presha na moyo, huweza kutolewa miligramu 40 kwa kidonge, lakini mshipani huanza na miligramu 1. Yule wa miligramu 40 hakupewa dawa dhaifu. Hesabu yake tayari imejumuisha kile kitakachopotea njiani. Kwa upande mwingine, kuna dawa ambazo ini huziachia zipite. Metronidazole, dawa ya kuua bakteria, ikimezwa hufika karibu yote kwenye damu, fluconazole ya fangasi vivyo hivyo, kwa hiyo mgonjwa anayeweza kumeza na asiyetapika hapati faida kwa kutundikiwa chupa ya dawa hizo, isipokuwa gharama, maumivu, na tundu jipya la kupitishia vijidudu. Sindano haina hata sharti la kuwa ya haraka. Ile penisilini nyeupe kama maziwa wanayodungwa kwenye msuli watoto wenye ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi imetengenezwa kimakusudi isiyeyuke upesi, ili ikae humo ikitoka kidogo kidogo hadi wiki 3 au 4; ikidungwa kwa bahati mbaya kwenye mshipa wa damu inaweza kuua. Na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3 inakaa kwa mpango wa namna hiyohiyo.

Zipo dawa ambazo haziwezi kumezwa. Insulini ni protini, na tumbo huimeng'enya kama linavyomeng'enya maharage. Tangu wagonjwa wa kwanza walipodungwa kule Toronto mwaka 1922 hadi leo, karibu wagonjwa wote huitumia kwa sindano. Gentamicin, dawa nyingine ya kuua bakteria, haifyonzwi na utumbo. Lakini katika orodha ya baba sioni dawa ya kumdunga kila siku nyumbani. Atorvastatin, metformin na finasteride haziuzwi kama sindano. Na kuna jambo ambalo jirani hakulitaja: kidonge kikimdhuru mtu anaweza kukitapika, lakini kilichodungwa hakirudi kwenye bomba.

Kapsuli ya omeprazole ifungue moja juu ya sahani nyeupe uone mwenyewe. Hutaona unga, utaona punje ndogo za duara, nyeupe au za rangi ya maziwa, zinazofanana na uwele mdogo. Omeprazole huharibiwa na tindikali ya tumbo, tindikali ambayo imekuja kuizuia, kwa hiyo kila punje imevikwa ngozi inayostahimili tindikali na kuyeyuka baadaye kwenye utumbo, ambako tindikali imepungua. Ukizitwanga, ngozi inapasuka na tumbo linaiua dawa kabla haijaanza kazi. Ukizikoroga kwenye uji wa maziwa hata bila kuzitwanga, ngozi hiyo hudhani imekwisha fika kwenye utumbo, kwa sababu maziwa hayana tindikali ya kutosha, ikaanza kuyeyuka ndani ya bakuli. Njia inayokubalika ni kufungua kapsuli, kumimina punje kwenye kijiko cha mtindi laini au maji ya matunda yenye uchachu, na mzee azimeze papo hapo bila kuzitafuna. Kama amewekewa mpira wa kulishia puani, usizipitishe humo bila maelekezo ya hospitali, maana huziba mpira.

Aspirin ya miligramu 75 mara nyingi huvikwa ngozi ya aina hiyo pia, lakini hapa sababu ni ya upole zaidi: ngozi inalilinda tumbo dhidi ya aspirin, si aspirin dhidi ya tumbo. Kuitwanga si hatari kama ilivyo kwa nifedipine, ila kwa mzee haipendezi, na haina ulazima, kwa sababu ipo aspirin ya dozi hiyohiyo inayoyeyushwa kwenye maji. Iulizie.

Metformin ya SR ina kisa chake. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja alinijia dirishani akiwa na kifuko cha nailoni kilichofungwa mafundo mawili, akakiweka mbele yangu na kusema kwa hasira kwamba tunamuuzia plastiki, kwani kidonge alichokimeza jana kimetoka chooni kikiwa kizima, naye amekiosha na kukileta kama ushahidi. Nilikishika kwa glovu: kilikuwa laini, kimevimba, na nilipokibonyeza kikapasuka kama ganda la embe lililoiva. Ndani hamkuwa na kitu. Lilikuwa gamba tu. Dawa yote ilikuwa imeshapenya na kutoka kwa saa nyingi kama ilivyokusudiwa. Hakuniamini siku ile. Baadaye mtoto wake alimpima sukari, wakarudi wote wawili kuchukua dawa ya mwezi uliofuata. Ukilitwanga gamba hilo, metformin humwagika mara moja, na kwa dawa hii matokeo yake ya kawaida ni tumbo kuvuruga na kuharisha, jambo ambalo umeliandika katika swali lako mwenyewe. Ipo metformin ya kawaida isiyocheleweshwa, ambayo inaweza kupondwa ingawa ni chungu. Daktari akibadilisha atapanga upya na saa za kuitoa.

Kwa presha huenda wakamwandikia amlodipine, ambayo ni ya ukoo mmoja na nifedipine lakini haihitaji kucheleweshwa na kidonge, kwa sababu yenyewe hukawia mwilini: nusu yake huondoka baada ya takriban saa 30 hadi 50. Kidonge chake kikipondwa hakileti tatizo nililolieleza. Uamuzi huo ni wao, si wangu wala wako, hasa kwa mzee ambaye presha yake imekuwa ikipanda na kushuka hivyo.

Utazitambuaje dawa zisizotwangwa bila kusubiri muuguzi mwingine? Soma boksi, si karatasi ya kaki waliyokufungia. Herufi SR, XR, XL, CR, MR au LA, na neno retard, humaanisha dawa ya kutoka polepole. Herufi EC humaanisha ngozi ya kukinga. Kapsuli yenye punje ndani ichukulie kuwa haipondwi hadi uambiwe vinginevyo. Kutokuwepo kwa herufi si hakikisho, kwa sababu watengenezaji hawaandiki kwa mtindo mmoja. Mstari katikati ya kidonge nao huwadanganya watu: kwa dawa nyingine unaruhusu kukikata vipande viwili, lakini hautoi ruhusa ya kukisaga.

Zile zinazopondwa, kama atorvastatin, usizichanganye pamoja kwenye bakuli. Ponda moja, iweke kwenye kijiko cha chakula laini, mpe, kisha chukua nyingine. Uji wa bakuli zima una kasoro ambayo huenda hujaigundua: mzee akishiba nusu, amepata nusu ya kila dawa, na nusu iliyobaki imekwenda kwa kuku. Mketishe wima kabisa, kidevu kikiinama kidogo, na abaki ameketi kwa nusu saa baada ya kumaliza. Akikohoa kila anapomeza, au sauti yake ikawa na majimaji baada ya maji mepesi, waambie kliniki wampime umezaji, kwa kuwa chakula na dawa vinavyopitia njia ya hewa huleta nimonia, na kwa wagonjwa wa kiharusi nimonia hiyo si jambo dogo.

Njia nyinginezo, kama vile dawa za kubandika kwenye ngozi au za kuingiza kwenye haja kubwa, zina mahali pake. Artesunate ya njia ya haja kubwa, kwa mfano, hupewa mtoto mdogo mwenye malaria kali aliye mbali na hospitali ili awahi kufikishwa akiwa hai. Kwa dawa sita za baba hazitakusaidia.

Imebaki finasteride na mdogo wako. Dawa hii huzuia homoni moja ya kiume inayoikuza tezi dume, na homoni hiyohiyo ndiyo inayokijenga kiungo cha uzazi cha mtoto wa kiume tumboni mwa mama. Kidonge kizima kimevikwa ngozi, na kukishika hakuna shida. Kikivunjwa au kutwangwa, dawa inaweza kupita kwenye ngozi ya mikono, na kwa sababu hiyo mwanamke mjamzito haruhusiwi kushika unga au vipande vyake. Sisemi kwamba mtoto amedhurika. Wala sijui kama ni wa kiume. Aeleze kliniki ya wajawazito kwamba amekuwa akitwanga dawa hiyo na tangu lini, wao watajua la kufanya. Wewe pia kama una mimba au unatarajia, shughuli hiyo mwachie kaka au shemeji, avae glovu, na muulize daktari kama finasteride inaweza kusimama au kubadilishwa wakati huu. Kinu hicho kisirudi kwenye viungo vya mchuzi. Nunueni kifaa kidogo cha kupondea vidonge kiwe cha dawa tu, kisuguliwe na kuoshwa kila baada ya dawa moja.

Utakapokwenda kliniki beba maboksi yenyewe, si orodha. Kaunta moja inaweza kukupa nifedipine ya kampuni moja mwezi huu na ya kampuni nyingine mwezi ujao, na mfamasia akiliona boksi mkononi atakuambia kwa sekunde chache kile ambacho mimi nimelazimika kukikisia kutoka mbali.